Tairi Huanza Kufa Ndani

Tairi lililotembea muda mrefu na upepo mdogo likitolewa kwenye rimu, kuna kitu humwagika. Ni unga mweusi, laini kama majani ya chai yaliyosagwa, umechanganyika na vipande vidogo vya mpira vilivyojiviringa kama vile vinavyobaki ukifuta karatasi kwa raba. Pitisha kiganja ndani ya ubavu, utakuta mstari uliokwaruzika kuzunguka tairi zima, na mahali pengine nyuzi zimeanza kuchungulia. Kwa nje tairi hilohilo lina meno ya kutosha na linang'aa. Mwenye gari akiambiwa halifai tena, anahisi fundi anatafuta kumuuzia jingine. Lakini unga ule ndio ubavu wenyewe uliosagika. Ukilijaza leo mpaka kipimo sahihi, nguvu iliyokwisha kutoka hairudi. Litapasuka siku gari limejaa watu, mchana, lami ikiwa inafukuta.

Tunaanza na unga huo kwa sababu ukishafungua matairi kwa miaka, jambo unalojifunza kuliko yote ni hilo. Watu wanalalamikia barabara, wanalalamikia tairi la bei rahisi, na kweli vyote viwili vinachangia. Lakini matairi mengi yanayotupwa kabla ya wakati yaliuawa na upepo usiopimwa, na yaliyobaki yaliuawa siku ya kununuliwa, pale dukani, kwa kutosoma maandishi ya ubavuni.

Basi tuyasome. Chukua 195/65 R15 91H, saizi inayovaliwa na saluni nyingi za Kijapani na Noah nyingi tunazoziona. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, yaani milimita 127 hivi. R ni aina ya usukaji wa nyuzi, na karibu matairi yote ya magari madogo sasa ni hiyo. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hapo wanunuzi wengi huishia. Zilizobaki, 91H, ndizo zinazoamua kama tairi litabeba gari lako, na ndizo ambazo muuzaji hazitaji usipomuuliza.

91 ni namba ya mzigo, na maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. 88 ni kilo 560, 94 ni kilo 670. Ukishuka kutoka 91 hadi 88 kwa sababu bei ilikuwa nafuu, umepoteza kilo 55 kila gurudumu, kilo 220 kwa gari zima, ambazo ni watu watatu wazima. Kwenye gari la kubeba abiria saba tofauti hiyo haivumiliki. Magari ya mizigo mepesi kama Hiace yana matairi yake, yenye herufi C au LT na namba mbili za mzigo, kwa mfano 107/105, ya kwanza ikiwa kwa gurudumu moja na ya pili kwa magurudumu pacha. 107 ni kilo 975. Kuna watu huvisha Hiace tairi la saluni lenye upana na rimu ileile, linaingia vizuri kabisa, na kwa macho huwezi kutofautisha. Ubavu wake haukutengenezwa kwa kazi ile.

Herufi ya mwisho ni mwendo. Q ni kilomita 160 kwa saa, S 180, T 190, H 210, V 240. Mtu atauliza, nani anakwenda 210? Hakuna, na haitakiwi. Ila herufi ya juu huonyesha tairi linavyohimili joto, na huku kwetu joto ndilo adui. Kwa sababu hiyohiyo tazama neno TEMPERATURE likiwa limeandikwa ubavuni. Hufuatiwa na A, B au C. A ndiyo bora na C ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Kwa anayeishi Pwani au anayesafiri mchana, tunashauri A.

Hiyo Q inastahili maelezo zaidi, kwa sababu inawadhuru watu wasiojua. Magari mengi yaliyotumika Japani hufika bandarini yakiwa na matairi ya theluji. Mnunuzi huyaona yana meno marefu na mpira laini, anafurahi kwamba gari limekuja na matairi mapya. Yatambue hivi: neno STUDLESS limeandikwa ubavuni, au kuna mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na theluji katikati, herufi ya mwendo mara nyingi ni Q, na kila jino limechanwachanwa kwa mikato myembamba mingi kama mkate uliokatwa vipande. Mpira wake ulitengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri. Kwenye lami ya Dar es Salaam au Mombasa unalainika kupita kiasi. Gari linayumba ukikata kona, breki za ghafla zinachukua umbali mrefu zaidi, na meno yale marefu yanaisha upesi mno. Kama gari lako limekuja nayo, anza kutafuta fedha za matairi mengine. Wakati unazitafuta, punguza mwendo.

Umri nao umeandikwa. Tafuta herufi DOT, ufuate mpaka mwisho wa mstari. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo zimo upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo zisipoonekana nje, inama uangalie upande wa ndani. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, usilifunge hata kwenye toroli. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, na jua na joto huharakisha. Kuanzia mwaka wa 5 kagua tairi kila mwaka kwa makini, na likifika 10 liache hata kama lina meno yote. Jinsi ya kukagua: lijaze upepo, kisha uminye ubavu kwa kidole gumba huku ukitazama mizizi ya meno na sehemu ya ubavu iliyo karibu na rimu. Nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, zinazofunguka unapominya, ni dalili ya mpira uliokufa.

Dukani, omba tairi lishushwe, lisiuzwe likiwa juu ya rafu, na usome tarehe za matairi yote manne. Si ajabu kupewa mawili ya mwaka huu na mawili ya miaka minne iliyopita kwa bei moja. Na kuna kitu kimoja tunakikataa bila mjadala: tairi kipara lililochongwa meno upya kwa kisu cha moto. Kati ya chini ya meno na nyaya za chuma za tairi la gari dogo pana milimita chache tu za mpira. Kisu kikipita hapo, kimekula kinga ya nyaya. Maji yanaingia, kutu inaanza, na ngozi nzima ya tairi inaweza kubanduka barabarani. Matairi yanayoruhusiwa kuchongwa ni ya malori na mabasi, na yameandikwa REGROOVABLE ubavuni. La gari dogo halimo.

Kiwango cha chini cha meno usikisie. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira, vimeachwa vikiwa na urefu wa milimita 1.6. Meno yakilingana na vituta hivyo, tairi limekwisha. Sisi hatusubiri mpaka hapo. Msimu wa masika, tairi lenye milimita 3 tayari linaelea juu ya maji kwa urahisi kuliko lenye 6.

Ukinunua mawili tu, yafunge nyuma. Hapa wateja hubishana nasi kila siku, hasa wenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kwa kuwa wanaona ya mbele ndiyo yanayofanya kazi. Ni kweli ya mbele huisha haraka. Lakini ya mbele yakiteleza kwenye maji, gari linaenda moja kwa moja, ukiachia mafuta linarudi mkononi. Ya nyuma yakiteleza, gari linageuka na kuangalia ulikotoka, na dereva wa kawaida hana la kufanya.

Kubadili saizi kunawezekana ukipiga hesabu ya kipenyo. Tairi la 195/65 R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi: rimu 381, ongeza ubavu mara mbili. 205/55 R16 ni 632, karibu sawa kabisa, kwa hiyo ndiyo mbadala wa kawaida. 205/65 R15 ni 647, limezidi kwa asilimia 2. Spidomita itaonyesha pungufu kidogo, na lazima ukate usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, watu wakiwa wamekaa ndani, usikilize kama linasugua. Zaidi ya asilimia 3 tusingefanya.

Sasa upepo.

Tairi la kipenyo hicho huzunguka mara 500 hivi kwa kilomita. Kila mzunguko, sehemu ya ubavu iliyo chini inakunjwa na mzigo, kisha inanyooka. Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 190. Sehemu hiyo moja imekunjwa kama mara 95,000 kabla hujanywa chai Msamvu. Upepo ukitosha, mkunjo ni mdogo. Ukipungua, mkunjo unakuwa mkubwa, nao huzaa joto, joto hulegeza mpira na nyuzi za poliesta zilizomo ubavuni. Kumbuka nyaya za chuma ziko chini ya meno. Ubavu wa tairi la gari dogo hauna chuma, ni nyuzi na mpira tu. Ule unga mweusi ndipo unapozaliwa.

Kipimo cha upepo hakitoki kwa fundi wala kwenye tairi. Kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva; fungua mlango, tazama chini ya kufuli. Magari ya Japani huandika kwa kPa, na maandishi yake hayasomeki kwa wengi wetu, ila tarakimu ni zilezile. kPa (kilopaskali) 100 ni PSI (paundi kwa inchi ya mraba) 14.5. Kwa hiyo 220 ni PSI 32, 230 ni 33, 240 ni 35, 250 ni 36. Kibandiko huweza kuwa na kipimo tofauti kwa mbele na nyuma, na kingine kwa gari lililojaa watu na mizigo. Unaposafiri na familia na mabegi, tumia hicho cha gari lililojaa. Mwenye Noah anayejaza 32 siku zote, awe peke yake au na watu saba, anayala matairi ya nyuma bila kujua.

Ubavuni mwa tairi kumeandikwa MAX PRESS na namba kama 44 au 51. Hiyo ni kikomo ambacho tairi halipaswi kuvuka. Kuna vijiwe vya upepo ambako hicho ndicho kinachojazwa. Gari hilo linadunda kwenye kila kokoto, breki zinashika eneo dogo la tairi, na meno ya katikati yanaisha huku ya pembeni yakibaki.

Pima asubuhi. Tairi ni baridi kama gari limekaa saa 3 au zaidi, au limetembea chini ya kilomita 2 kwa mwendo wa pole. Ukilipima baada ya safari utakuta limepanda PSI 4 hadi 6, na hapo ndipo kosa kubwa hufanyika: mtu anaona 37, anasema limezidi, anatoa upepo mpaka 32. Kesho asubuhi lina 27. Upepo uliopanda kwa joto la safari uache kama ulivyo. Ikibidi kujaza likiwa la moto kwa sababu ni pungufu wazi, lijaze PSI 4 juu ya kipimo, halafu lirekebishe kesho yake asubuhi.

Nunua geji yako mwenyewe, ya saa au ya kidijiti, uiweke kwenye droo ya gari. Geji za vijiweni huangushwa chini mara kumi kwa siku. Tumeshaona mbili za mtaa mmoja zikitofautiana PSI 6 kwenye tairi moja. Bonyeza geji wima juu ya valvu. Ukisikia sauti ya upepo ukitoka, hukuiweka sawa, na kipimo ulichosoma si cha kweli. Zidisha kidogo, PSI 1 au 2, kisha punguza taratibu mpaka kipimo. Ni rahisi kuliko kujazajaza. Mwisho paka mate au maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu. Kipovu kinachokua ni sindano ya valvu inayovuja, ambayo hubadilishwa kwa dakika moja. Rudisha kofia. Bila kofia, vumbi huingia, na siku ukibonyeza geji chembe ya mchanga hukaa pale sindano inapofunga, ndipo uvujaji huanza.

Kupiga teke hakusemi kitu. Kuminya kwa mkono pia. Ubavu wa matairi ya siku hizi hutoka nje kidogo hata ukiwa na upepo kamili, na tairi lenye 24 lililosimama karibu na lenye 32 huwezi kuyatofautisha kwa macho. Hata magari yenye taa ya onyo la upepo, mengi yake yametengenezwa kuwaka upungufu unapofikia robo nzima: kwa kipimo cha 32, taa inasubiri mpaka 24.

Kuna swali la wasafiri wa nyanda za juu, na ni swali zuri. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani ya tairi na hewa ya nje. Mombasa, usawa wa bahari, hewa ya nje ina PSI 14.7. Nairobi, kiasi cha mita 1,700, ina 12 hivi. Kwa hiyo tairi lililojazwa 32 Mombasa lingesoma karibu 35 Nairobi, kama joto lingekuwa lilelile. Lakini Nairobi asubuhi kuna ubaridi, na kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 upepo hupungua kama PSI 1. Mambo hayo mawili hukaribia kufutana, ndiyo maana wengi hawajawahi kuona tofauti. Hali ni hiyohiyo kati ya Dar es Salaam na Mbeya. Ukifika, lala, pima asubuhi ya kwanza kabla ya kuwasha gari, rekebisha ukikuta tofauti. Kurudi chini, fanya vilevile.

Naitrojeni watu huiuliza sana. Hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Faida iliyopo ni kwamba hiyo ya mtungi ni kavu, wakati kompresa isiyomwagwa maji yake hupuliza unyevu ndani ya rimu. Ukipewa bure, pokea. Kuilipia huku hupimi upepo kwa miezi mitatu ni hasara.

Tairi lililokwisha kulika husema lilivyoishi. Mabega yote mawili yamelika na katikati pamebaki: upepo ulikuwa mdogo. Katikati pamelika: ulizidi. Upande mmoja tu, mara nyingi wa ndani ambao hauonekani mpaka uinamie: magurudumu yamekaa vibaya, yanahitaji alaimenti, lakini kagua kwanza bushi na boljointi, yaani viungo vinavyoshika gurudumu, maana alaimenti juu ya bushi zilizokufa haidumu hata wiki. Sasa pitisha kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani, kisha ukirudishe. Kama upande mmoja kiganja kinateleza na upande mwingine kinakwama kama unapapasa msumeno, magurudumu yanatazamana au yanaachana kupita kiasi, na tairi limekuwa likiburuzwa kwa ubavu. Mabonde mabonde yenye nafasi sawa, kama mtu aliyekwangua kwa kijiko, hutokana na shokomzoba zilizochoka. Gurudumu lilikuwa linaruka. Usifunge tairi jipya juu ya shokomzoba hizo.

Mtikisiko ni habari nyingine, na hapa mafundi na wateja huchanganya. Alaimenti inatibu gari linalovuta upande au kula matairi. Balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, inatibu mtikisiko wa mwendo. Gari likitetemesha usukani kuanzia kilomita 80 hadi 110 kwa saa, tazama magurudumu ya mbele. Mtikisiko ukiusikia kwenye kiti na sakafu huku usukani umetulia, tazama ya nyuma. Ukija wakati wa breki tu, ni diski zilizopinda; balansi haitausaidia.

Uzito mdogo hufanya makubwa. Gramu 30, kama vijiko viwili vya maji, zikikosa mwenzake kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15, kwa kilomita 100 kwa saa zinavuta kwa nguvu inayofanana na uzito wa kilo 4 na nusu, mara 14 kila sekunde. Kwa kilomita 50 ni robo yake tu, kama kilo moja, ndiyo maana mjini husikii kitu. Na tope lililokauka ndani ya rimu baada ya barabara ya vumbi na mvua hufika gramu hizo bila shida. Kabla ya kulipia balansi, osha rimu kwa ndani; mtikisiko mwingi umeishia kwenye ndoo ya maji.

Kazi ya balansi yenyewe tunaifuata kwa mpangilio mmoja. Rimu inasafishwa ndani na nje, hasa katikati inapokaa kwenye habu, kile kitovu cha gari kinachobeba gurudumu. Vyuma vyote vya zamani vinatolewa, hata kama vinaonekana vizuri. Mawe yaliyonasa kwenye meno yanatolewa kwa bisibisi. Upepo unajazwa mpaka kipimo. Kama tairi ni jipya na lina kitone cha njano, kitone hicho kinawekwa mkabala na valvu, kwa sababu ndipo tairi lilipo jepesi na valvu ndipo rimu ilipo nzito. Gurudumu linawekwa kwenye mashine kwa koni inayoshika tundu la katikati, kisha vinaingizwa vipimo vitatu: umbali wa rimu kutoka kwenye mashine, upana wa rimu, na kipenyo. Mashine ikizungusha, inasoma pande mbili, ndani na nje. Vyuma vya kugonga huenda kwenye rimu za chuma. Vya kubandika kwenye rimu za aloi, na mahali pa kubandikia pafutwe kwa spiriti pakauke, la sivyo chuma kitadondoka kwenye tuta la kwanza. Inazungushwa tena mpaka pande zote zisome 0.

Hapo wengi hushusha. Sisi tunaongeza hatua moja inayochukua nusu dakika: legeza nati ya mashine, geuza gurudumu nusu mzunguko juu ya koni, kaza, zungusha tena. Likisoma gramu 0 au 5, kazi ni nzuri. Likiruka hadi 15 au 20, gurudumu halikukaa katikati, au koni ina uchafu, na ile 0 ya kwanza ilikuwa ya uongo. Mteja ana haki ya kuomba hatua hiyo, na fundi anayejiamini hatakataa. Kama mashine inadai zaidi ya gramu 60 upande mmoja kwa gari dogo, usirundike vyuma. Toa upepo, geuza tairi nusu mzunguko juu ya rimu, anza upya. Mara nyingi hitaji hushuka. Lisiposhuka, tazama gurudumu linavyozunguka: simamisha kidole karibu na ukingo wa rimu bila kuugusa. Ukingo ukisogea na kurudi, rimu imepinda kwenye shimo. Ukingo ukitulia na meno yakipanda na kushuka, kasoro ni ya tairi.

Gurudumu linaweza kusoma 0 kwenye mashine na bado likatikisa kwenye gari, kwa sababu ya nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota zilizokuja na gari hutumia nati zenye shingo nyoofu na washa bapa. Rimu za chuma, na za aloi zinazouzwa madukani, hutumia nati za koni. Mtu akibadili rimu akabaki na nati zilezile, rimu haivutwi katikati, inakaa pembeni kidogo, na hakuna balansi itakayotibu hilo. Tundu la katikati la rimu likiwa kubwa kuliko habu, nunua pete za kujazia nafasi. Unapofunga, gurudumu liwe hewani, nati zikazwe kwa mkono kwanza, kisha kwa kuruka, kama unavyochora nyota. Mkazo wa mwisho utolewe gurudumu likiwa limegusa ardhi. Kwa Toyota nyingi ndogo ni nyutoni-mita 103 kwa spana ya 21, kiasi ambacho mtu mzima hukifikia kwa mkono kwenye spana ya kawaida bila kuikanyaga. Bunduki ya upepo ikiachwa ipige mpaka ichoke hunyoosha skrubu za habu na kupindisha diski, na siku ya pancha porini hutaweza kuifungua nati. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simama uzikaze tena.

Pancha kwa ufupi. Tundu likiwa kwenye meno na halizidi milimita 6, linatengenezeka, na matengenezo ya kweli hufanywa tairi likiwa limetolewa: kiraka chenye mguu kinachovutwa kutoka ndani. Kamba ya kuchomeka kutoka nje ni ya kukufikisha gereji. Tundu la begani au ubavuni halitengenezwi. Tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu ni suluhisho linalopendwa mitaani na tunalipinga: tyubu inasuguana na ubavu, inaongeza joto, na msumari ukiingia upepo wote unatoka kwa mpigo kupitia tundu la valvu, wakati tairi lenyewe lingevuja polepole ukapata nafasi ya kusimama. Na kila tairi lililotolewa kwenye rimu kwa sababu ya pancha linarudi kwenye balansi, hata kama fundi anasema kiraka ni chepesi. Likiwa wazi, mwambie alielekeze mdomo chini na kuligonga, uone kama kuna unga.

Bado tairi la akiba. Lile jembamba linalokuja na saluni nyingi huandikwa PSI 60, yaani kPa 420, na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Ukilijaza 32 kama mengine, halibebi gari. Mara nyingi tukilitoa buti tunalikuta na 20, maana hakuna aliyelipima tangu gari lishuke melini. Lijaze 60 siku unayopima mengine, na ukishalifunga barabarani, liweke nyuma. Kama pancha ni ya mbele na gari linavutwa na ya mbele, hamisha zima la nyuma lije mbele kwanza, kisha hilo dogo lichukue nafasi yake. Ni kazi ya jeki mara mbili, na jasho kidogo.